Mwaka Mmoja Ndani ya Gereza la Zamani: Tulimtembelea Binti Yetu Cape Town

Wengi wenu mliuliza kwenye mkutano: ni masomo gani hayo yanayomfanya mama wa watoto wawili aache kazi na nyumba mwaka mzima? Na wengine, kwa sauti ya chini, waliuliza kama feza tuliyomchangia itarudi. Kwa sababu wanne kati yetu tulikuwa na safari ya biashara Afrika ya Kusini, tulipita kumwona. Basi lilitutoa Lubumbashi, tukavuka Kasumbalesa, Zambia na Zimbabwe mpaka Johannesburg. Kutoka pale Cape Town iko bado mbali, kilomita 1400 hivi. Tulifika miguu imevimba.

Masomo yenyewe yanaitwa MBA, shahada ya juu ya kuongoza biashara. Wako wanaoyasoma jioni baada ya kazi. Yeye alichagua yale ya kutwa, mwaka mmoja, katika shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1964, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 iko karibu na bandari, katika majengo ya Breakwater. Tulipoona kuta nene na uwanja katikati tulifikiri ni ngome ya askari. Kumbe lilikuwa gereza.

Wafungwa wa pale walivunja mawe ya kujengea ukuta wa kuzuia mawimbi ya bahari. Mwaka 1860 Alfred, mtoto wa Malkia Victoria wa Uingereza, kijana wa miaka 16 tu, alimwaga mzigo wa kwanza wa mawe mbele ya watu. Kazi iliyobaki waliifanya wafungwa. Baadaye waliletwa pia watu walioshikwa na almasi za Kimberley bila ruhusa. Sisi wa mji wa madini hatuhitaji kuelezwa zaidi. Waliletwa hata watu wa kabila la ǀXam kutoka nyika kavu ya kaskazini. Katika miaka ya 1870 Wilhelm Bleek na shemeji yake Lucy Lloyd waliwachukua baadhi yao nyumbani, wakaandika hadithi zao kwa maelfu ya kurasa. Leo hakuna tena anayezungumza lugha hiyo, lakini madaftari yamebaki, na mengine yanatunzwa na chuo kikuu hichohicho. Binti yetu alituonyesha pia mahali pa kinu cha adhabu, ambacho wafungwa walikikanyaga kutwa kama kupanda ngazi isiyo na mwisho. Wanafunzi wanatania kwamba wao wanakipanda tangu mwezi wa kwanza.

Anaamka saa kumi na moja. Kila siku kuna kurasa za kusoma: kampuni fulani ina shida fulani, wewe ungefanya nini? Darasa lote linaenea katika chumba kimoja, kila mtu ana jina lake juu ya meza, na mwalimu anamwita yeyote. Katika ukumbi wa watu mia tano unaweza kujificha nyuma na usingizi wako. Hapa hakuna nyuma. Yeye aliyesoma kwa Kifaransa tangu utoto alituambia kwamba majuma ya kwanza, alipokuwa bado anatafuta neno la Kiingereza, wenzake walikuwa wamekwisha kupita kwenye jambo lingine.

Kinachomshika ni kikundi. Wanagawanywa watano watano, hawachagui, na kazi moja inapewa alama moja kwa wote. Mtoto wake mdogo alipopata malaria huku Lubumbashi, mama alikesha kwenye simu, na wenzake wanne waliandika sehemu yake. Juma lililofuata yeye, aliyefanya kazi ya hesabu miaka minane, aliwafundisha kusoma vitabu vya hesabu vya kampuni mpaka usiku wa manane. Tukamwambia: hii ni likelemba. Akacheka, akasema ndiyo, ila huku mnawekeza saa.

Jumamosi tulikula bukari na sombe kwa mama mmoja Mukongo. Njiani tulisalimiana na ndugu zetu wanaolinda magari ya watu barabarani. Mmoja alisomea sheria huku nyumbani. Hatukusema mengi kurudi. Kila mmoja wetu alikuwa anafikiri karatasi ya binti yetu itamlisha wapi.

Lakini alituonyesha zoezi alilolipeleka darasani, la mama anayeuza unga. Tuseme gunia limenunuliwa franka 40000, usafiri 3000, likauzwa 46000. Faida ni 3000. Sasa, siku nzima aliyosimama mama yule mpakani na sokoni, ihesabiwe au isihesabiwe? Wengine darasani walisema ihesabiwe, na hapo faida inakuwa hasara. Wengine wakasema mama yule hana kazi nyingine ya kulipwa siku hiyo, basi 3000 ni zake kweli. Wamebishana saa nzima, na sisi wanne tukabishana tena usiku, kitandani. Mama wa makala na mama wa sabuni, mtuletee hesabu zenu kwenye mkutano ujao, maana binti anataka mifano mingine.

Kuhusu kurudi, tulimuuliza wazi. Alijibu kwamba masomo yanaisha mwezi wa kumi na mbili, na deni letu ameliandika ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Kinachomsumbua ni mwezi wa tisa: mtoto wake mkubwa anaanza shule ya msingi na mama hatakuwepo. Tumekubaliana kwamba Mama Prezida atamshika mkono mpaka mlango wa darasa. Kiatu tulikinunua kulekule Cape Town, namba 29. Mama mkubwa wake akipime kabla ya mwezi wa nane, maana watoto wanakua.