Paka wa ploti ni wa nani?

Leo sina siasa na sina story za mapenzi. Leo nataka tuongee kuhusu paka, na usitoke kwanza, kwa sababu pengine huyu paka ni wako pia.

Naishi Kahawa Wendani, kwenye ploti ya nyumba 14. Mimi niko chini kabisa, upande wenye kabustani kadogo kati ya ukuta na kamba za nguo. Mlango wa pili anaishi shosh mmoja na mjukuu wake wa miaka mitatu. Hako kabustani ni mkono wake: sukuma mistari miwili, maua mekundu, na mpasheni uliotambaa juu ya ua wa waya. Kwa sababu ya hayo maua, chozi walikuwa wanakuja kila siku. Kama humjui chozi, ni kale kandege kadogo kenye mdomo mrefu uliopinda, kanakofyonza maji matamu ya maua. Dume hung'aa ukidhani amepakwa mafuta. Kiota chao huning'inia kwenye tawi kama kibeti, mlango uko ubavuni.

Mwezi wa tatu chozi wawili wakajenga kwenye mpasheni. Shosh akawa kila asubuhi anatoa stuli, anakunywa chai yake hapo akiwatazama. Mayai yakaanguliwa, makinda mawili. Nikiweka ngoma kwa sauti, anagonga ukuta: "Kijana yangu, punguza hiyo kitu. Kuna watoto hapa."

Jumamosi moja akagonga mlango badala ya ukuta. Kiota kilikuwa chini, kimeraruliwa. Kinda moja halikuonekana. Lingine lilikuwa mdomoni mwa paka, juu ya ukuta, na mama chozi anaruka huku na huku akilia.

"Hii paka ni yako," shosh akasema.

"Cucu, si yangu. Ni ya ploti."

"Na ni nani huipatia omena?"

Nikanyamaza, kwa sababu ni mimi.

Jumatatu akapita yule msee wa spika, mnamjua, yule hurudia sauti moja siku nzima: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Shosh akanunua pakiti mbili. Hakunificha. Alinionyesha kabisa, akaniambia jioni ataichanganya na matumbo.

Nilimwomba wiki moja. Kwanza, kumpa mnyama sumu ni kosa la jinai Kenya, iko kwa Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Lakini ukweli ni kwamba si sheria iliyomgusa. Nilimwambia sumu haijui paka ni nani. Mbwa wa jirani atalamba, kunguru ataokota, na mtoto wa miaka mitatu hushika kila kitu akiweka mdomoni. Hapo ndipo akarudisha pakiti mfukoni. "Wiki moja," akasema.

Sasa nikaanza kuuliza: huyu paka alitoka wapi? Nikaenda mlango kwa mlango. Kumbe aliletwa akiwa kitoto na wapangaji wa ghorofa ya pili, kwa sababu ya panya. Wakahama, wakamwacha. Nyumba nambari 5 humpa ugali uliobaki. Nambari 9 humpa maziwa. Soja wa geti hulala naye usiku wa baridi. Mimi ni omena, mara moja moja nikikumbuka. Tayari alikuwa amezaa mara mbili, na hakuna aliyejua watoto walienda wapi. Kila mtu alimpenda kidogo, na hakuna aliyekubali kuwa mwenyewe.

Na hii si story ya ploti yetu tu. Mwaka 2013 watafiti Marekani walikadiria kwamba paka wa huko huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka. Soma hiyo tena, bilioni. Na wengi wao huuawa na paka wasio na mwenyewe. Yaani paka kama wetu.

Kitu cha pili kiliniuma zaidi. Nilikuwa na mazoea ya kumwaga makombo ya mkate chini ya ule ua, shomoro wakule, nipate video. Video zenyewe mlizipenda. Lakini majani hapo ni mengi, na paka akajifunza kukaa ndani yake akingoja. Nilikuwa nawaita ndege mezani na kumficha muuaji chini ya meza. Kwa hivyo shosh alipouliza paka ni wa nani, jibu la kweli lilikuwa refu kuliko lile nililotoa.

Kuna imani mtaani kwamba ukimshibisha paka hatashika panya, kwa hivyo mwache na njaa. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, ndivyo alivyoumbwa. Lakini chakula kina maana. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 na Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, ulionyesha kwamba paka waliopewa chakula chenye nyama nyingi walileta nyumbani mawindo machache kwa asilimia 36. Waliochezeshwa dakika 5 hadi 10 kwa siku, asilimia 25. Kengele shingoni haikuonyesha tofauti ya maana. Lakini kola ya kitambaa chenye rangi kali ilipunguza ndege kwa asilimia 42, kwa sababu ndege huona rangi vizuri na huruka mapema. Na hapa ndipo ploti nzima ilinisikiliza: kwa upande wa panya, kola haikupunguza kitu.

Basi tukafanya hivi. Nilianzisha mchango, 300 kila nyumba, ili paka afungwe uzazi. Nyumba 11 zikatoa, zilizobaki tatu zikasema paka si wao. Pesa iliyopungua nikajazia. Kufunga uzazi hakumzuii kuwinda, lakini ploti haitakuwa na paka wengine wanne mwakani. Fundi wa nguo akatushonea kola ya mabaki ya kitenge, ya njano na nyekundu, yenye lastiki ili ikinaswa mahali iteleze itoke. Nambari 5 wakaacha ugali mtupu, siku hizi kuna matumbo au omena kila jioni, kwa zamu, na ratiba iko kwa mlango wa stoo. Usiku hulala stoo hiyo hiyo na hatoki mpaka jua liwe juu, kwa sababu alfajiri ndege wako chini wakitafuta chakula. Makombo sasa naweka katikati ya uwanja, mbali na majani, ndege amwone adui akija.

Imefanya kazi? Kiasi. Wiki jana nilikuta manyoya ya shomoro karibu na tangi. Chozi wanakuja kwenye maua, lakini hawajajenga tena, na shosh hajarudisha ile stuli. Paka hana jina bado. Shosh humwita "muuaji," ila zamu yake ya matumbo hajawahi kuikosa.

Nafikiria sana hili jambo la Ruiru yetu. Upande huu ulikuwa mashamba ya kahawa, leo ni ghorofa juu ya ghorofa. Sisi ndio tulikata miti hadi chozi akabaki na mpasheni mmoja wa shosh. Sisi ndio tulileta paka, tukachoka naye. Wendani kwa Kikuyu ni kupendana, na nimeona kupenda kidogo kidogo bila kuwajibika kunaua.

Mwisho wa mwezi unakuja. Pikap zitajaa magodoro, mitungi ya gesi na televisheni zilizofungwa kwa blanketi. Kama unahama na ulikuwa na paka, rudi ndani umwangalie chini ya sinki. Mbebe.