Ameupata kwa Sura Yake?

Redio inapotangaza baraza jipya la mawaziri, nasi akina mama tukiwa jikoni au kwenye benchi la kliniki, husikika jambo lile lile. Likitajwa jina la mwanamume, watu huulizana ametoka mkoa gani na amesomea nini. Likitajwa jina la mwanamke, huuliza kama ni mzuri, ameolewa na nani, na huyo aliyemteua amemjulia wapi. Wanaouliza hivyo si wanaume peke yao.

Katika kazi ya uuguzi tumeyaona haya kwa kipimo kidogo. Hospitali moja tuliyowahi kufanya kazi, dada mmoja alipandishwa cheo akawa mkuu wa wodi ya wazazi. Alikuwa mrefu, mwenye sura ya kupendeza, na sare yake ilimkaa vema. Kabla jua halijatua, maneno yalikwisha kuzagaa kwamba cheo amepewa kwa uzuri. Hakuna aliyekumbuka kwamba ndiye aliyekuwa akiamshwa usiku kila mama alipotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Tangu siku hiyo, kila agizo lake lilipokelewa kwa kuguna. Agizo la mkuu wa wodi likicheleweshwa kwa kuguna, anayeumia ni mgonjwa. Mwishowe dada yule aliomba uhamisho, na wodi ikampoteza mkunga hodari.

Kwa kipimo kikubwa, majirani zetu wa Uganda wanayo habari ya Elizabeth Bagaya, binti wa mfalme wa Toro. Alihitimu Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1962, na mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kukubaliwa kuwa wakili katika mahakama za Uingereza. Baadaye alifanya kazi ya kuonyesha mavazi huko London na New York, na mwaka 1969 picha yake ikatokea kwenye jalada la jarida la Harper's Bazaar. Mwaka 1974 Idi Amin alimteua kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, mwanamke wa kwanza kushika wizara hiyo nchini Uganda. Mwaka huo huo alikwenda kuihutubia Umoja wa Mataifa kwa niaba ya nchi yake.

Ulimwengu ulizungumza nini juu yake? Ulizungumza uzuri wake. Sheria aliyoisomea ilisahaulika. Na Amin alipotaka kumwondoa, mwezi Novemba 1974, hakumshutumu kwa kushindwa kazi. Alitangaza hadharani kwamba waziri wake amezini na Mzungu katika choo cha uwanja wa ndege wa Paris. Yapo magazeti ya Ulaya yaliyoushabikia uchafu huo. Bagaya aliyashtaki kwa kumchafulia jina, akashinda. Mwanzoni mwa mwaka 1975 alikimbilia Kenya, kisha Uingereza. Miaka ilipita, Amin akaanguka, na mwaka 1986 mwanamke huyo huyo akawa Balozi wa Uganda nchini Marekani.

Hebu tutafakari, mama mwenzetu. Uzuri ule ule uliosifiwa siku ya kuteuliwa ndio uliogeuzwa kamba ya kumnyongea. Mawaziri wanaume wa Amin waliondolewa wengi, na wengine waliuawa, lakini ni nani kati yao aliyefukuzwa kwa hadithi ya chooni? Mwanamke akiwa mzuri, huambiwa ameupata kwa sura. Akiwa wa kawaida, huambiwa hafai kusimama mbele za watu. Njia zote mbili zimezibwa.

Hatusemi kwamba upendeleo wa sura haupo. Upo, na wapo wakubwa wanaomtaka binti alipe kwa mwili wake ndipo apate kazi. Huo si mzaha wa ofisini. Nchini Tanzania ni kosa la jinai, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inalitaja wazi. Lakini tuangalie mkosaji ni nani. Ni yule mwenye mamlaka anayedai. Tukimcheka binti na kumwacha mkubwa, tumemlinda mwizi na kumfunga aliyeibiwa.

Wala kuchagua kwa macho si ugonjwa wa kuwachagua wanawake tu. Nabii Samweli alipotumwa nyumbani kwa Yese kumtafuta mfalme, alimwona Eliabu, kijana mrefu wa umbo zuri, akadhani ndiye. Mungu alimkataza, kwa kuwa Yeye huangalia moyo. Wahenga wetu nao walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi tufanye nini majumbani mwetu? Binti akileta ripoti ya shule, tumsifu kwa hesabu alizopata kabla ya kumsifu kwa nywele alizosukwa. Mwana wa kiume akisema waziri fulani ni mrembo, tumwulize wizara yake imefanya nini. Na katika vikao vyetu vya akina mama, akitajwa mwenzetu aliyepewa madaraka, tuulize maswali matatu: amesomea nini, amewahi kufanya kazi gani, na waliokuwa chini yake wanamshuhudiaje? Akishindwa katika hayo, tumkosoe bila woga, kama ambavyo tungemkosoa mwanamume. Akifaulu, tumpe heshima yake, na sura yake tumwachie mwenyewe na Muumba wake.

Binti zetu wanatusikia tunapozungumza. Kwa maneno yetu hayo wanajifunza kama kusoma kuna faida, au kioo kinatosha.