Episodi Niliyoifunika kwa Mdomo Wangu

Nilimwaibisha mama mmoja mbele ya watu, kisha nikaandika ubaoni kwamba filamu aliyokuwa akiitazama ndiyo mbovu kuliko zote nane. Mambo hayo mawili yana mzizi mmoja, na mzizi wenyewe ni mdomo wangu.

Kazi yangu ni kutafsiri muvi katika kibanda cha video huku kisiwani Rusinga, Homa Bay. Nakaa kando ya skrini na maiki, picha inacheza, nami naongea. Natafsiri Kiingereza kwa Kiswahili na Dholuo, nawabandika waigizaji majina ya mtaani, na adui akijificha nyuma ya mlango nawatangulia watu kuwaambia. Ndiyo kazi iliyompa DJ Afro jina Kenya nzima, na VJ Jingo kule Uganda. Wateja wetu wengi ni wavuvi wa omena. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta samaki waje juu. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, maboti yanabaki ufuoni na kibanda kinafurika. Usiku wa namna hiyo mwenye kibanda hataki kusikia kimya hata kidogo. Anasema ukinyamaza, watu watadhani spika imeungua na watadai pesa zao.

Wakati mmoja wa mbalamwezi tuliwaonyesha Cabinet of Curiosities, mfululizo wa kutisha wa Guillermo del Toro uliotoka Netflix mwezi Oktoba 2022. Una episodi nane, na kila moja inasimama peke yake: hadithi yake, waigizaji wake, mwongozaji wake. Kwa kuwa hakuna kisa kinachoendelea, watu wakitoka nje wanabishana juu ya jambo moja tu: ipi ilikuwa kali? Mimi nikajitwika uamuzi. Nikazipanga kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni, kuanzia ya kwanza hadi ya nane, na mwenye kibanda akafuata ubao huo kuamua ipi irudiwe usiku na ipi isirudiwe kabisa.

Nilipima kwa mayowe. Graveyard Rats niliipa nafasi ya kwanza, kwa sababu yule mwizi wa makaburini, Masson, alipoingia kutambaa ndani ya mashimo ya panya, vijana walipanda juu ya mabenchi. The Autopsy ikawa ya pili kwa sababu ya visu na maiti. Nafasi ya nane nikaipa The Murmuring, iliyoandikwa na kuongozwa na Jennifer Kent, na kando yake nikaandika: "Ndege tu."

Hebu niseme ilivyo. Ni mwaka 1951. Nancy na Edgar, mke na mume wanaochunguza ndege, wanakwenda kukaa katika nyumba ya upweke kisiwani ili kurekodi sauti za makundi ya ndege wa pwani. Wamefiwa na binti yao mchanga, na Nancy hataki kumzungumzia. Usiku anavaa vipokea sauti na kusikiliza kanda alizorekodi, na humo, katikati ya milio ya ndege, anasikia mtoto. Filamu nzima imejengwa juu ya mwanamke anayesikiliza. Kuna dakika ambazo kwenye skrini huoni chochote ila uso wake na kanda ikizunguka, na mtazamaji anatakiwa atege sikio pamoja naye.

Dakika hizo ndizo nilizozijaza porojo. Nancy aliposogeza kichwa ili asikie vizuri, nilikuwa nikimtania mumewe. Kanda ilipotoa sauti, nilikuwa nikitangaza mechi ya Jumamosi. Wadudu wa ziwa walikuwa wameivamia skrini mpaka uso wa Nancy ukawa na madoa meusi yanayotembea, nikafanya mzaha na hilo pia.

Ndipo mama mmoja anayeanika omena ufuoni, aliyekuwa benchi la mbele, akageuka akaniambia kwa upole, "Wuoda, mwanangu, hebu nyamaza kidogo tusikie." Nikamjibu kwa maiki, "Mama, ukitaka kimya nenda ziwani!" Watu wakacheka, kisha wengine wakaacha kucheka. Ziwa lilimchukua mwanawe, na mwili haukupatikana. Nilijua. Sisi wote tulijua. Sikukusudia kumgusa hapo, lakini neno lilitoka kwangu na maiki ilikuwa yangu. Aliinuka akaenda zake, nami nikaendelea kuongea mpaka mwisho.

Nilikaa muda mrefu kabla ya kumwendea, na hilo ni kosa jingine. Nilimkuta akigeuza omena juu ya nyavu. Alinisikiliza nikiomba msamaha, akasema yamepita, halafu akaniuliza: yule mtoto wa kwenye kanda alikuwa anasema nini? Nikafungua kinywa kumjibu, sikuwa na jibu. Mtafsiri mzima, sikujua.

Kwa hiyo nilirudi nikaitazama peke yangu, nimevaa vipokea sauti kama Nancy. Yule mtoto wa kwenye kanda aliwahi kuishi katika nyumba ile, na mama yake mwenyewe ndiye aliyemzamisha majini. Mzimu wake unalia baridi. Nancy, badala ya kukimbia, anamkumbatia. Mwishoni anamwambia mumewe kwamba sasa yuko tayari kuzungumza juu ya binti yao. Nilimpelekea mama habari hiyo yote, sikumficha sehemu ya maji. Aliniuliza kama Nancy alimwona mtoto huyo kwa macho au alimsikia tu. Nikamwambia alianza kwa kumsikia. Akasema basi ni kweli.

Ubao nimeuandika upya. The Murmuring ni ya kwanza, na siipi nafasi hiyo kwa huruma. Naipa kwa sababu woga wake haukuisha hata nilipojua kila kitakachotokea, ilhali panya wa Masson ukishawaona mara moja umewamaliza. The Autopsy inabaki ya pili, ila sasa kwa ajili ya mzee F. Murray Abraham, daktari anayekufa kwa saratani na bado anapata namna ya kumshinda kiumbe aliyeingia kuutwaa mwili wake. Lot 36 nimeipandisha hadi ya tatu. Mwanamume mwenye chuki anamnyima mhamiaji picha zake za ukumbusho, na saa ya mauti anamwomba huyohuyo amfungulie mlango. Mtu wa Homa Bay aliyelelewa na kisa cha Simbi Nyaima, kile kijiji karibu na Kendu Bay kilichozama kwa kumfukuza bibi kizee mwenye njaa, hawezi kuitazama Lot 36 bila kutambua deni linavyodaiwa. Na mimi nilikuwa nimeiweka ya sita! Dreams in the Witch House nimeishusha chini. Hiyo niliisikia vizuri na bado hainishiki.

Mwenye kibanda alikubali tuirudie The Murmuring alasiri, wakati wanawake wamemaliza kuanua omena, bila maiki. Kabla haijaanza nilieleza kisa kwa ufupi kwa Dholuo, nikaketi benchi la nyuma. Vijana wawili walitoka. Waliobaki walibaki hadi mwisho.

Kuna moja ambayo bado sijaipa namba: The Viewing ya Panos Cosmatos, ile ya mwaka 1979, ambamo wageni wanakaa kwa tajiri mmoja wakiongea polepole kwa muda mrefu kabla ya chochote kutokea. Kwenye ubao wa zamani niliiweka ya saba, na sababu niliyoandika ni "maneno mengi". Mengi ya maneno hayo yalikuwa yangu. Mwezi huu nitaisikiliza kwanza.