Kutembea Bila Kutumwa

Saa nane u nusu mchana, Jumanne, siku mbili tu tangu Waingereza warudishe saa zao nyuma, na anga la Sheffield limefanana na sufuria ya ubwabwa iliyolowekwa tangu jana. Mvua hainyeshi, ukavu haupo. Kwetu Tanga tungesema manyunyu, ila manyunyu yana adabu ya kudondoka. Haya yamening'inia tu hewani, ukipita yanakung'ang'ania kwenye nyusi. Nimetoka zamu ya usiku asubuhi, nimelala, nimeamka, nimevaa soksi mbilimbili, buti na koti la mvua. Natoka kwenda kutembea.

Simu inaita kabla sijafika kwenye bustani ya Endcliffe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unahema? Uko wapi?"

"Niko njiani, natembea."

"Unakwenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu. Natembea tu mama, mazoezi."

Kimya. Nyuma yake nasikia honi ya baiskeli ya muuza samaki, na mama anamwambia asubiri.

"Kuna baridi huko?"

"Ipo."

"Na mumeo?"

"Yupo kazini."

"Mmegombana?"

Simlaumu. Kwa Kiswahili chake, na changu pia, kutembea ni kwenda kwa mtu. Mgeni akibisha hodi husema amekuja kutembea, na ukimuaga humwambia karibu tena utembee. Mtu anayetoka nyumbani kwake hali ya hewa mbaya, peke yake, hana pa kwenda, ama amefukuzwa ama ana yake. Tuna kupunga upepo, kweli, lakini anayepunga upepo hukaa. Huenda ufukweni, akatafuta ukuta, akanunua mihogo ya kuchoma, upepo ukampunga yeye. Kunyoosha miguu nako ni hatua kumi za nje ya mlango baada ya kula.

Vitabu vinaita majira haya vuli, na hapo pia huwa nasita. Vuli ninayoijua mimi ni mvua za kupandia mahindi, na maembe yanakaribia. Vuli ya hapa ni majani yaliyolowa yanayoteleza kama maganda ya ndizi, na saa kumi jioni watu wanawasha taa.

Kilichonitoa ndani ni namba. Mwaka juzi muuguzi alinipima sukari, ile ya wastani wa miezi miwili mitatu, ikasoma 44. Kwa kipimo cha huku, 42 mpaka 47 umesimama mlangoni kwa kisukari, na 48 umeshakaribishwa ndani. Hakunipa dawa. Aliniambia nitembee dakika 150 kwa wiki, kwa mwendo wa kuhema lakini niweze kuongea. Nikamwambia mimi nafanya kazi ya kulea wazee, usiku kucha niko kwa miguu. Akatabasamu, akauliza: huwa unahema? Nikakumbuka korido zetu zina zulia na hatua zangu ni za kunyata nisiamshe mtu. Sikumjibu.

Wiki za mwanzo nilitembea na mfuko wa dukani mkononi. Mtupu. Sikujua kwa nini naubeba mpaka siku moja niliposimama kwenye taa za barabarani nikajiona kwenye kioo cha kinyozi, mfuko umekunjwa vizuri kwapani, nikamwona baba mdogo.

Baba mdogo wangu hajawahi kutembea mikono mitupu mjini. Hubeba bahasha ya kaki. Tukiwa watoto tulidhani ana kesi mahakamani isiyoisha. Baadaye alitueleza kuwa mwaka 1983, Sheria ya Nguvu Kazi ilipoanza kushika watu, alikuwa kijana Dar es Salaam, kibarua cha siku mojamoja, bila kitambulisho cha kazi. Asiye na kitambulisho alihesabiwa mzururaji, na wazururaji walikuwa wakizolewa mitaani na kurudishwa vijijini wakalime. Rafiki yake akamfundisha: nunua bahasha. Mtu mwenye bahasha ametumwa, na aliyetumwa hasimamishwi. Ndani ya bahasha yake aliweka gazeti la zamani. Nguvu Kazi ikapita na bahasha ikabaki, na hata leo akienda msikitini utamkuta nayo, sasa ina miwani.

Uzururaji wenyewe tuliurithi. Waingereza walikuwa na sheria yao ya wazururaji tangu 1824, na sheria za jinsi hiyo wakazipeleka makoloni, zikakaa kwenye vitabu vyetu baada ya bendera kubadilika. Kwa hiyo nilishangaa kuwakuta kwao, wao wenyewe, wakizurura mchana kweupe kwa fahari, na njia wamewekewa. Huku ukitoka mjini kidogo unakuta kibao kwenye mti, mshale wa njano, maana yake hapa mtu yeyote ana haki ya kupita kwa miguu, hata kama njia inakatiza katikati ya shamba la mtu mwenye kondoo wake wanakutazama. Mara ya kwanza nilipita haraka, shingo imeingia mabegani, nikingoja kuulizwa. Hakuna aliyeuliza.

Nilidhani wamezaliwa hivyo. Kumbe walipigana. Magharibi ya Sheffield kuna mlima unaitwa Kinder Scout. Zamani ulikuwa umefungwa, wenyewe wakiuhifadhi kwa kuwinda ndege. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester na Sheffield, waliupanda kwa makusudi wakijua hawana ruhusa. Wakashikana na walinzi. Watano wakafungwa jela, akiwemo Benny Rothman, aliyekuwa na umri wa miaka 20. Eneo hilo likawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza mwaka 1951, na sheria ya kuruhusu watu kutembea kwa uhuru kwenye nyika na milima ikapitishwa mwaka 2000. Vijana wa viwandani walifungwa baada ya kutembea bila kutumwa. Siku niliyoisoma habari hiyo niliutupa ule mfuko.

Bustani yenyewe ya Endcliffe ilifunguliwa 1887, mwaka wa jubilei ya Malkia Victoria, naye yupo pale getini amesimama kwa shaba. Leo ana jani moja la njano limemganda begani. Nafuata kijito cha Porter kwenda juu. Maji ni ya rangi ya chai ya rangi, na kuna mahali pa kuvuka juu ya mawe yaliyopangwa. Huwa nahesabu na kushusha pumzi kwenye la mwisho. Mbele kidogo kuna kibanda cha mawe chenye gurudumu kubwa la maji, Shepherd Wheel. Sheffield ni mji wa visu, na kabla ya mvuke visu vilinolewa kwa nguvu ya vijito kama hiki. Wanoaji waliinamia mawe ya kunolea kutwa nzima, na vumbi lake liliwamaliza mapafu wakiwa bado vijana. Njia hii ninayotembea kutafuta afya wao waliitembea kwenda kuipoteza. Halafu njia inapanda mpaka Forge Dam, kama maili 2 kutoka getini, kwenye mkahawa unaouza chai ya vikombe vikubwa. Pale nageuka. Chai sinywi, nikinywa nitataka keki, na muuguzi atajua.

Njiani ni mbwa. Lazima niwaseme. Kwetu mbwa ni mlinzi, ukimwona unaokota jiwe, au unainama tu kama unaokota naye anaelewa. Hapa mbwa ndiye mwenye matembezi, bwana wake anamsindikiza. Kuna mmoja mweupe mwenye manyoya ya kondoo aliyekimbia na kuniwekea miguu miwili ya tope kifuani, na mama mwenye mbwa akaniambia kwa furaha kuwa hang'ati. Mimi sina habari na meno, nawaza koti, nawaza nikirudi nalifua kabla ya kuswali. Mbwa anaitwa Alfie. Najua jina lake, umri wake na kwamba ana mzio wa kuku. Mama huyo tunapishana mwaka wa pili sasa, jina lake silijui wala hajaniuliza langu. Tunasalimiana kwa kusema hali ya hewa. Akisema kumepoa, nami nakubali kumepoa, salamu imekwisha. Hajawahi kuniuliza nakwenda wapi. Ni adabu yao hiyo, na siku nyingine adabu hiyo inanikaa kifuani kuliko ile miguu ya Alfie.

Tangu saa nane u nusu nimepishana na watu kama thelathini. Hakuna aliyejua kama nikiteleza kwenye mawe nitafutwe kwa nani.

Agosti nilipokwenda nyumbani niliazimia nisivunje utaratibu. Asubuhi ya pili nikavaa raba, nikatoka Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, nia yangu nizunguke dakika arobaini. Bodaboda wa kwanza: "Sista, panda twende." Wa pili hivyohivyo. Wa tatu alinifuata polepole mpaka kona, ana uhakika nitachoka. Barazani kwa jirani wazee watano, shikamoo tano, na kila marahaba ina swali lake. Umekuja lini? Watoto umewaacha na nani? Unakwenda wapi? Nikasema mazoezi. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama gari la shemeji limeharibika. Nyumba ya nne wakanivuta ndani, karibu chai. Chai ya maziwa, sukari imeshatiwa kwenye birika, huna nafasi ya kukataa, na chapati mbili za maji. Nilirudi nyumbani baada ya saa moja na dakika ishirini. Simu ilihesabu hatua 1,900.

Ile hesabu ya hatua 10,000 nayo, tukiwa hapo, haikuletwa na daktari. Ilitokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, jina lake likimaanisha kipimo cha hatua elfu kumi. Nilipojua nilifarijika sana.

Dada yangu akanicheka, akasema nimetoka saa mbaya na nimetoka peke yangu, nani ataelewa? Kesho yake akaniamsha adhana ya alfajiri ikiisha. Tukaswali, tukatoka. Kwenye kona wamesimama kina mama tisa, madera, mitandio, raba za kila rangi. Wengi wana presha au sukari, wote wamepita hamsini isipokuwa dada yangu. Wanakwenda Raskazone, baharini, na kurudi, siku nne kwa wiki. Wana katibu. Asiyefika bila udhuru anatozwa shilingi elfu moja, inaingia mfuko wa kikundi. Aliyechelewa anagongewa dirisha. Mwendo ule sikuutegemea. Mimi niliyefuzu milima ya Sheffield nilikuwa nyuma nikishika kiuno, na mbele yangu mama wa miaka sitini na kitu anatembea kama aliyesahau sufuria jikoni, huku akisimulia harusi ya Pongwe kuanzia mahari mpaka pilau lilivyowapungua. Tulifika baharini bado giza jepesi. Wakageuka bila kusimama.

Bodaboda hawakutuita hata mara moja. Wanalijua kundi lile, na kundi limejipa safari: kuna katibu, kuna faini, kuna anayesubiriwa. Ndivyo tulivyo, hata mazoezi tunayafanya kazi yenye daftari. Shuleni yalikuwa mchakamchaka, alfajiri, kwa wimbo na kiranja mwenye fimbo, na Zanzibar tarehe 1 Januari ni siku ya mazoezi kitaifa, watu wanatembea na bendi barabarani. Waingereza nao wana mfano wake. Jumamosi saa tatu asubuhi pale Endcliffe mamia wanakimbia kilomita 5 bure, mtindo uliozaliwa London mwaka 2004. Nilikwenda mara moja. Hawaimbi. Ukifikiri watu mamia wanakimbia pamoja na kinachosikika ni viatu tu, inatisha kidogo.

Nikilazimishwa kuchagua nitachagua Raskazone, sioni haya kusema. Lakini sitaki kudanganya pia. Kule kwa kina mama nisingeweza kukaa kimya dakika tano. Nilipofiwa na baba, wiki zile baada ya arobaini, nilikuwa nimesharudi huku, na ni bonde hili la Porter nililolitembea nikilia bila mtu kunishika bega wala kuniambia nimshukuru Mungu. Nilihitaji hivyo wakati ule. Kuna benchi karibu na bwawa lina kibao kidogo cha shaba, jina la marehemu na kwamba alipapenda hapa. Mabenchi mengi huku ni hivyo. Nilikaa pale sana. Leo limelowa, napita.

Nikiwa narudi, simu inaadhini mfukoni. Saa kumi na nusu imepita kidogo na Magharibi imeingia, mchana umefungwa kama duka. Chini ya miti kuna matunda yameanguka, ganda la kijani lenye miiba kama ya mbarika, kubwa kama ndimu. Ukilipasua kwa kisigino inatoka kokwa ya kahawia inayong'aa kama meza iliyopakwa vanishi leo. Watoto wa huku huzitoboa, wakatia kamba, wakazigonganisha mpaka ya mmoja ivunjike. Naokota mbili. Nyingine mbili. Mfuko wa koti unajaa.

Mama anapiga tena. Kwake Isha ameshaiswali.

"Umefika?"

"Nakaribia nyumbani."

"Umepita kwa nani?"

"Sijapita kwa mtu, mama. Nimeokota kokwa tu, kama komwe lakini kubwa."

"Zinafaa kuchezea bao?"

"Haziingii kwenye shimo."

"Zinaliwa?"

"Haziliwi, zina sumu."

Namsikia anavuta pumzi.

"Sasa mwanangu, umeziokota za nini?"