Ukifika Bariadi, Usiishie Sokoni

Ndugu msomaji, je, umepata kufika Bariadi? Ukitoka Mwanza shika njia ya Musoma, upite Kisesa na Magu mpaka Lamadi. Hapo acha njia kuu upinde kulia. Uko Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012, nchi ya pamba na ng'ombe.

Wageni wengi huishia sokoni. Wanakuta chungu kimewekwa chini, wanauliza bei, wanaomba wapunguziwe, kisha wanaomba tena. Lakini chungu kile hawakukiona kikizaliwa. Mama amechimba udongo bondeni, akaubeba kichwani, akautwanga, akautoa vijiwe na kuuchanganya na vigae vilivyosagwa. Amekijenga kwa mikono mitupu, pete juu ya pete. Amekiacha kivulini siku kadhaa, maana jua kali hukipasua. Siku ya kuchoma ndiyo siku ya hofu: vyungu vimefunikwa kuni na majani, na kimoja kikiwa na unyevu ndani utasikia mlio, pa! Kazi ya siku nyingi imekuwa vigae. Mtu aliyesimama pale akausikia mlio ule hatabishania tena shilingi mia mbili.

Kwa hiyo nasema, twende nyumbani kwao. Kwa mfinyanzi, kwa msusi wa vikapu, kwa fundi wa vigoda, kwa yule awambaye ngozi ya ng'ombe juu ya ngoma. Ndoo za plastiki zimejaa kila duka, na binti asiyeona mnunuzi akija kwa mama yake atajifunza ufinyanzi kwa sababu gani?

Labda utasema watu hawatakuja. Kumbe Wasukuma ni mabingwa wa kuita watu! Tazama Bujora, karibu na Kisesa. Huko Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, aliwaacha Wasukuma wamtukuze Mungu kwa ngoma zao, na makumbusho ya Wasukuma yapo hapo hata leo. Kila mwaka, majira ya Sikukuu ya Ekaristi, kuna Bulabo: Bagika na Bagalu wanashindana kwa ngoma, na anayevuta watu wengi zaidi kwake ndiye mshindi. Mchezaji anajua kwamba bila watazamaji ameshindwa. Mfinyanzi naye ni vivyo hivyo, ila yeye hana ngoma ya kupiga.

Basi, tumpigie sisi. Kigango kichague siku mbili za kiangazi, njia zikiwa kavu. Litolewe tangazo baada ya Misa, na jirani wa madhehebu mengine aalikwe pia. Kijana mmoja awaongoze wageni nyumba kwa nyumba. Siku za Nane Nane zingefaa sana: mwaka 2018, 2019 na 2020 maonyesho ya taifa yalifanyika Nyakabindi, hapo hapo Bariadi, na umati ulikuwa mkubwa.

Nawe mgeni, ukifika sema kwanza “Mwangaluka” kama ni asubuhi, ukae ulipoonyeshwa. Usipige picha kabla ya kuomba. Bei ielezwe na mwenye kazi mwenyewe, si na kiongozi wa njia. Na uchukue majani makavu ya kutosha ya kufungia chungu chako, maana pikipiki za huko hazina huruma.