Pikipiki Mbili, Mama Mmoja



Wapenzi wasomaji, wiki hii nataka kuwasimulia kosa nililolifanya mimi mwenyewe, huenda mzazi mmoja akafaidika nalo.

Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, ni fundi wa mitambo ya baridi huko Dubai. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alinipigia simu. Tulipokwisha kuamkiana na kujuliana hali, akasema: "Mjomba, nimeweka akiba miaka sita, nataka kununua pikipiki. Ziko mbili, zote za Kiitaliano, zote zimekwisha kutumika, na bei zake zinakaribiana. Moyo wangu umegawanyika. Nakuomba uniswalie istikhara."

Nikamwuliza bei. Aliponitajia, nikaona kuwa kwa hesabu ya huku kwetu ni fedha za kununulia kiwanja. Sikumwacha amalize. Nilimsomesha darsa zima la israfu, la fakhari na la mtu kuitupa nafsi yake katika maangamizi. Kisha nikamalizia kwa maneno ambayo hadi leo nayajutia: "Umesahau baba yako alikufa vipi?"

Akanyamaza kitambo. "Sijasahau, Mjomba," akasema, akanitolea salamu, akakata simu. Wiki tatu zikapita bila ya kunipigia tena.

Shemeji yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aligongwa na lori katika barabara ya Malindi akiwa juu ya pikipiki yake. Kijana huyu alikuwa na umri wa miaka minane. Dada yangu alikaa eda na watoto watatu wadogo, na tangu siku ile hajapanda pikipiki, hata bodaboda ya kumtoa sokoni mvua ikinyesha.

Juu ya kosa la kwanza nikaongeza la pili. Jambo ambalo kijana aliniletea kama amana, nililipeleka kwa mama yake. Nilikwenda kwake alasiri nikitaraji kwamba atalia, kisha tutamwandama sote wawili mpaka aache. Dada yangu alinisikiliza huku akichambua mchele, hakuinua macho. Nilipomaliza akaniuliza: "Kaka, ulimwuliza ni pikipiki gani?"

Nikasema sikumwuliza.

"Marehemu alikuwa akimpakia mbele, juu ya tangi la mafuta, kila Ijumaa wakienda msikitini," akasema. "Mimi naogopa, na nitaogopa mpaka niingie kaburini. Lakini mwanangu alikuja kwako kwa kuwa hana baba wa kumwuliza. Nawe ukamjibu kama uko juu ya mimbari."

Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Siku ya pili nikamwendea mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni makanika, nikamwomba anifundishe. Mzee wa miaka yangu akaketi juu ya kigoda baina ya magurudumu na mikebe ya mafuta, akisomeshwa na kijana aliyemsomesha alifu na bee. Nilikuwa nimekwisha kuuliza kwa ndugu wa mpwa wangu majina ya pikipiki zenyewe: Ducati 916 na MV Agusta F4.

Nilijifunza mengi. Ducati ni ya mji wa Bologna. Ilianzishwa mwaka 1926, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kutengeneza vipande vya redio. Baada ya Vita Vikuu vya Pili ikaanza kuunda injini ndogo ya kufungwa kwenye baiskeli, kwa watu waliofukarishwa na vita. MV Agusta nayo ilizaliwa mwaka 1945 katika ukoo wa watengenezaji wa ndege, walipozuiliwa kuunda ndege baada ya Italia kushindwa. Bingwa wao mkubwa, Giacomo Agostini, alitwaa ubingwa wa dunia mara 15, na katika hizo mara 13 alikuwa juu ya MV Agusta.

Hiyo 916 ilitoka mwaka 1994, ina silinda mbili. F4 ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Milan mwaka 1997, ina silinda nne, na mabomba manne ya moshi yamepangwa chini ya kiti kama filimbi. Zote mbili hupita mwendo wa kilomita 250 kwa saa, nao ni mara tano ya mwendo wa 50 unaoruhusiwa katika miji yetu.

Kisha mwanafunzi wangu akaniambia jambo lililonigusa. Pikipiki hizi mbili, ambazo wapenzi wake hubishana hadi usiku wa manane ipi bora, zilibuniwa na mtu mmoja, Massimo Tamburini wa Rimini, aliyefariki mwaka 2014. Kazi yake ya awali ilikuwa ya mabomba ya kupashia nyumba joto. Mwaka 1972 alianguka na pikipiki katika kiwanja cha mbio cha Misano, akavunjika mbavu. Alipokuwa akiuguza mbavu zake, akaanza kuiundia pikipiki ile kiunzi kipya kilicho madhubuti zaidi. Aliumizwa na chombo, na maisha yake yaliyobaki akayatumia kukitengeneza chombo hicho kiwe bora.

Niliwaza njia nzima ya kurudi nyumbani. Mimi nilidhani mpwa wangu anapenda pikipiki kwa sababu amesahau mauti ya baba yake. Kumbe anaipenda kwa sababu amemkumbuka. Penzi la kijana na hofu ya mama vimetoka kwa mtu mmoja, naye yuko chini ya udongo.

Nikampigia simu. Nilianza kwa kumtaka radhi, kwa maneno yangu na kwa kuitoa siri yake. Wazee wengi huona tabu kumtaka radhi mtoto, lakini nimeonja na nawaambia haiui. Kisha nikamwuliza: "Mwanangu, niambie. Hizo pikipiki zikoje?"

Alizungumza karibu saa nzima. Moyo wake ulikuwa kwa F4, kwa uzuri wake na sauti yake. Lakini joto la injini yake humchoma mpandaji, na joto la Dubai linajulikana. Kampuni yake nayo imepita katika mikono mingi: mwaka 2008 ilinunuliwa na Harley-Davidson ya Marekani, mwaka 2010 ikarudi kwa wenyewe wa awali, kwa hiyo alihofia upatikanaji wa vipuri. Ducati nayo ina gharama zake. Mikanda ya injini hubadilishwa kila miaka miwili hata kama haikuendeshwa, na vali zake zinataka fundi aliyezisomea. Lakini mafundi wake ni wengi zaidi.

Nikamweleza ninayoyajua mimi. Sharia haikuharamisha chombo kizuri. Zama za Mtume (s.a.w.) farasi walishindanishwa mbio mjini Madina, na walifugwa na kupendwa. Lakini miongoni mwa makusudio ya Sharia ni kuhifadhi nafsi na kuhifadhi mali, na nafsi yake si yake peke yake. Istikhara nayo huswaliwa na mwenye haja mwenyewe, baada ya kuuliza wajuzi, na moyo ukiwa tayari kuacha. Asiye tayari kuacha huwa anatafuta muhuri tu. Nikamwuliza maswali matatu: Je, una deni? Je, umeandika wasia? Je, mama yako ataendelea kupata matumizi yake?

Deni hakuwa nalo. Wasia hakuwa ameandika, akauandika wiki ile ile. Matumizi ya mama yake hayajawahi kuchelewa hata mwezi mmoja.

Baada ya siku kumi akaniarifu kuwa amechukua Ducati. "Moyo ulitaka ile, Mjomba, akili ikachagua hii." Kabla ya kuilipia alinunua kofia ya kufunika uso mzima, koti na suruali za ngozi, glavu na viatu vya kazi hiyo. Mwendo mkubwa ameuwekea kiwanja cha mbio cha Dubai Autodrome, siku zinazotengwa kwa wapanda pikipiki, mahali pasipo lori. Barabarani hutoka asubuhi ya Ijumaa tu.

Kisha akampigia mama yake, akamweleza mwenyewe. Dada yangu hakumpa baraka kamili wala hakumkataza. Alimtaka kitu kimoja: kila atakapopanda, akishuka amletee habari.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nyumbani kwake kabla ya kwenda msikitini. Simu ilikuwa juu ya mkeka, kando ya tasbihi. Alikuwa akinizungumzisha habari za jirani, lakini jicho halikubanduka kwenye simu, na mimi pia sikusikia nusu ya aliyoyasema. Ilipolia, aliishika kwa mikono miwili. Ujumbe ulikuwa neno moja: "Nimeshuka."

Akasema alhamdulillahi, akainuka kunitilia kahawa.

Picha ya ile pikipiki bado hajakubali kuitazama. Nami simlazimishi.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu nchi kavu na baharini, awarehemu waliotutangulia njiani, na atupe sisi wazazi masikio kabla ya ndimi. Amin.