Tufe Jeupe la Stockholm na Uzito wa Jina

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'aa gizani. Kila niutafakaripo msemo huu, fikira zangu hunichukua hadi Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, uliko ukumbi mkubwa mfano wa tufe jeupe. Kipenyo chake ni mita 110 na kimo chake mita 85. Ulipofunguliwa mwaka wa 1989 uliitwa Globen, yaani tufe. Katika nchi ambayo majira yake ya baridi ni marefu, ukumbi kama huo si anasa. Leo hoki ya barafuni huchezwa humo. Kesho barafu hufunikwa, wanamuziki wakapanda jukwaani.

Afrika nayo ina kumbukumbu yake humo. Mnamo Machi 1990, takriban mwezi mmoja baada ya kutoka gerezani, Nelson Mandela alilakiwa ukumbini humo na umati wa Waswidi, ambao nchi yao iliunga mkono mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi.

Mwaka wa 2009 ukumbi ulipewa jina la kampuni ya simu, Ericsson. Jambo hili lilinikera niliposoma habari zake. Sisi wanaisimu twajua kwamba jina hubeba historia; iweje linadiwe kama nguo za mitumba?

Hata hivyo, mwaka wa 2021 lilikuja jina la tatu: Avicii Arena. Avicii, yaani Tim Bergling, alizaliwa Stockholm mwaka ule ule wa 1989. Muziki wake ulitamba duniani, lakini mwaka wa 2016 aliacha maonyesho ya jukwaani, afya yake ikiwa imedhoofika. Alifariki Muscat, Oman, tarehe 20 Aprili 2018, akiwa na umri wa miaka 28. Jina lake liliwekwa ili kuhimiza mazungumzo kuhusu afya ya akili ya vijana.

Naam, hapa pia fedha ilihusika, kwani kampuni ya bima ndiyo iliyogharimia haki ya jina. Tofauti ni kwamba safari hii mlipaji alikaa nyuma, marehemu akatangulia. Wenyeji wengi wangali wanasema Globen, nami siwalaumu: ulimi haununuliki. Lakini ikiwa jina litamfanya kijana mmoja aliyelemewa, huko Uswidi au katika mabweni yetu, afumbue kinywa na kuomba msaada, basi jina hilo limetimiza kazi yake.